Dawa za friji kwenye safari ndefu ya kikazi: nani alikwambia uzizungushie barafu?

Saa kumi na moja alfajiri, chumba cha hoteli, nchi ya watu, wiki ya pili ya mkataba wa miezi mitatu. Nafungua friji, natoa kalamu ya insulini, ile sindano ya kujidunga yenye umbo la kalamu, naitikisa kidogo, ndani hakuchezi kitu. Nikaipeleka kwenye taa ya bafuni nikaona dawa imekuwa kama kioo cha simu kilichodondoka, mistari mistari myeupe toka juu mpaka chini. Nikatoa ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu. Kalamu tisa zote. Na kinachouma zaidi ni kwamba nilizisukuma mwenyewe mpaka nyuma kabisa, zigusane na ule ukuta wa friji, kwa akili yangu kwamba huko ndo kwenye baridi ya uhakika.

Toka siku ile, nikisikia mtu anajiandaa kusafiri na dawa ya friji afu swali lake la kwanza ni "barafu nitapata wapi", namwambia tulia kwanza. Hii ishu tunaianzia mwisho. Tunaogopa joto, tunakimbilia barafu, wakati kwa dawa nyingi za aina hii joto linakudai kidogo kidogo kama mkopo, ila barafu inakunyang'anya siku moja na hairudishi.

Kwenye boksi la dawa yako pameandikwa digrii 2 mpaka 8. Wengi tunazisoma hizo namba kama mlango, ndani ya 2 na 8 dawa nzima, nje ya hapo dawa imekufa. Sio hivyo, kila upande una tabia yake.

Tuanze na upande wa chini maana ndo wenye kesi kubwa. Insulini, sindano za kibayolojia za yabisi na ngozi, sindano za kisukari na uzito kama semaglutaidi, hizi zote ni protini au vipande vya protini vinavyoelea kwenye maji, na kazi yake mwilini inategemea umbo lake, jinsi ilivyojikunja. Maji yakianza kuganda yanajitenga, yanaiacha protini na chumvi zimebanwa kwenye kale kamaji kalikobaki, protini zinagusana, zinakunjuka, zinashikana. Ukiyeyusha, barafu inaondoka ila umbo halirudi, ni kama yai, ukishalichemsha hata ulipooze vipi haliwi bichi tena. Na mtego wenyewe ni kwamba ikishayeyuka inaweza kuonekana safi kabisa, hakuna mabonge wala wingu, unajidunga unaona sukari haishuki unaanza kulaumu chakula. Ndo maana watengenezaji wa insulini hawana msamaha hapa, wanasema imeganda tupa, hata kama imeyeyuka na inapendeza.

Upande wa juu ni tofauti. Kwenye joto la kawaida dawa inachakaa, haifi ghafla. Kila siku inayokaa nje inapoteza kapunje, joto likipanda kapunje kanakuwa punje, na ukiirudisha frijini uchakavu unapungua kasi lakini ulichopoteza hakirudi. Watengenezaji wanapima hiyo kitu afu wanakupa bajeti, kwamba dawa hii inavumilia siku kadhaa nje ya friji mradi joto lisivuke hapa. Bajeti yenyewe imeandikwa kwenye ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara kumi na mbili ambayo wote tunaitupa pamoja na boksi. Itafute, nenda moja kwa moja sehemu ya kuhifadhi dawa.

Mfano insulini ya glajini, siku 28 nje ya friji kwa joto lisilozidi digrii 30. Degludeki, insulini nyingine, inafika siku 56, yaani wiki 8. Afu kuna insulini za maziwa, zile za kuviringisha kabla ya kuchoma, kalamu zake nyingine zinapewa siku 14 tu. Adalimumabu, sindano ya yabisi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Humira, ni siku 14 kwa joto lisilozidi 25, na zikipita unatupa hata kama katikati uliirudisha frijini. Ozempic, ambayo ndo semaglutaidi, kwa maelezo ya Marekani ni siku 56 toka utumie mara ya kwanza. Mounjaro, nayo ya kisukari na uzito, ya kalamu ya dozi moja, siku 21. Matone ya macho ya latanoprosti kichupa kisichofunguliwa kinakaa frijini, ukishakifungua kinakaa nje mpaka digrii 25 kwa wiki 6. Teriparatidi ya mifupa yenyewe haina mchezo, inatoka frijini kuchomwa na inarudi hapo hapo.

Umeona tofauti? Mwenye adalimumabu na mwenye teriparatidi wakisafiri siku kumi kumi hawana safari moja. Wa kwanza anaweza kwenda na kurudi bila friji kama anakokaa hakuvuki digrii 25, wa pili inabidi apange baridi kila saa mpaka afike. Na hizi namba nimezitaja uone upana wake tu, usizichukue kama zako, maana dawa hiyo hiyo ikiwa kwenye kichupa na ikiwa kwenye kalamu inaweza kuwa na siku tofauti, na karatasi ya nchi moja isifanane na ya nchi nyingine. Ya kwako ni ile iliyo ndani ya boksi lako, na kama umeshaitupa mfamasia anaweza kukutolea nyingine.

Hebu nikupe hesabu yangu uone inavyobadilisha mambo. Natumia uniti 30 za glajini kwa siku, ukiweka na zile 2 za kujaribishia sindano inakuwa 32, kalamu ina uniti 300, kwa hiyo moja inanikalia siku 9 na kidogo. Miezi mitatu ni kalamu 10, naweka 4 za akiba kwa sababu mikataba inarefushwa na vitu vinadondoka, jumla 14. Sasa siku 28 za mwanzo nitatumia kalamu tatu tu, na hizo tatu kwa bajeti yake hazihitaji friji kabisa, zinahitaji kivuli. Kwa hiyo zinazohitaji friji ni 11, na hizo zikipata friji nikifika basi yale masaa ya njiani sio msiba, nayahesabu kama siku moja au mbili nilizokata kwenye 28. Safari ya wiki tatu kwangu mimi sio safari ya friji, ni safari ya kutoacha mkoba juani. Kabla sijapiga hii hesabu nilikuwa nazunguka na boksi la barafu kama muuza samaki.

Na bajeti za watengenezaji mara nyingi zina nafasi ya usalama ndani yake. Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières, wale Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto halisi la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya, waliweka insulini za aina kadhaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 kwa wiki 4, na nguvu ya dawa ilikuwa sawa na iliyokaa frijini. Hii sio ruhusa ya kudharau karatasi. Nimeitaja ili siku friji likizima masaa sita usikimbie mtaani unalia, na kubwa zaidi usikimbilie freza, maana hapo ndo watu wanapoua dawa iliyokuwa hai bado.

Wa chanjo wanalijua hili miaka mingi. Toka 1996 vichupa vya chanjo ya matone ya polio vilianza kuwekewa kile kialama chenye kimraba ndani ya duara, kinabadilika rangi polepole jinsi joto linavyojikusanya, mhudumu anaangalia tu anajua. Lakini kialama hicho hakijui kuganda. Chanjo inaweza kuwa imeganda jana usiku na kialama kiko safi. Wewe na kalamu yako hata hicho cha joto huna, kwa hiyo utahitaji themomita, nitairudia.

Ndege sasa. Dawa inakaa kwenye begi la mkononi, yote, hata ya akiba. Mzigo wa chini unaweza kubaki kiwanja kingine siku tatu, unaweza kukaa kwenye toroli juani lami ikichemka, na kule chini kuna sehemu zinazopata baridi kali mkiwa juu. Kwenye kabini joto ni lile lile unalokaa wewe, la kuvaa shati, saa 12 za ndege zinakula nusu siku ya bajeti yako basi. Watu wanapenda kuwapa wahudumu wa ndege wawawekee kwenye baridi, mi siwapi. Mashirika mengi yanakataa na hata wakikubali sehemu yenyewe mara nyingi ni droo yenye barafu kavu, kalamu yako inalala juu ya kitu cha digrii hasi 78. Afu unashuka umeisahau.

Kwenye ukaguzi toa dawa kwenye kimfuko chake peke yake, sema mapema "nina dawa na sindano" kabla hawajaiona wenyewe kwenye skrini. Ile sheria ya mililita 100 kwa vimiminika vya begi la mkononi haiibani dawa unayoihitaji safarini, na Marekani TSA, wakaguzi wa viwanja vya ndege, wanaruhusu na pakiti za barafu za kupoozea dawa hata zikiwa zimeyeyuka nusu zimekuwa uji, ili mradi umesema. Mionzi ya mashine ya mabegi haidhuru insulini. Wenye pampu au kihisi cha sukari kilichobandikwa mwilini hao wasome maelezo ya kifaa chao kwanza, vifaa vingi vyenyewe havitakiwi kupita kwenye hizo mashine, unaomba upekuliwe kwa mkono.

Haya, kwa ambaye dawa yake kweli inahitaji baridi njia nzima, tuongee barafu, maana barafu sio adui, kuigusisha na dawa ndo kosa. Pakiti iliyotoka freza sasa hivi ina kama digrii hasi 18. Ukiifunga pamoja na kalamu kwenye mfuko mmoja umetengeneza freza ndogo, kalamu itaganda kabla hujafika kiwanjani. Wanaobeba chanjo wana kanuni yao ya kuiacha mezani mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ukishasikia huo mchezo wa maji ujue pakiti imeshafika kwenye digrii 0 na itakaa hapo hapo mpaka barafu yote iishe, ndo tabia ya barafu inayoyeyuka. Hapo sasa unaizungushia taulo dogo au kipande cha kadibodi, dawa ibaki ndani ya boksi lake la karatasi, boksi ndani ya kimfuko kisichoingiza maji. Kuna pakiti nyingine zinauzwa ambazo ndani hazina maji, zina kimiminika kinachoganda na kuyeyuka karibu na digrii 5, hizo ndo nzuri kuliko zote kwa hii kazi japo bei yake ni ya juu. Ukiwa transiti pakiti zimekwisha, mgahawa wowote unauza soda una vipande vya barafu, omba, weka kwenye mfuko wa zipu na maji kidogo, una digrii 0 nyingine kwa masaa kadhaa. Barafu kavu achana nayo. Inaruhusiwa mpaka kilo 2.5 kwa abiria kwa idhini ya shirika, lakini ni ya mizigo ya maabara sio ya kalamu zako.

Vyombo vya kubebea viko vingi na matangazo yake yote yanaahidi mbingu. Chupa ya chai ya chuma yenye mdomo mpana inafanya kazi kuliko mabegi mengi ya urembo, nayo naona haipewi heshima yake. Zile pochi za kuloweka maji zina punje zinazonyonya maji zinakuwa kama jeli, maji yakitoka polepole kama mvuke yanaondoka na joto, ni akili ile ile ya mtungi. Ni nzuri sana kwa dawa ambayo bajeti yake inaruhusu nje ya friji, kwa sababu kazi yake ni kuizuia isipande sana. Hazikupi digrii 5, anayekwambia pochi ya maji ni friji anakudanganya. Na zinahitaji hewa kavu inayopita, ukiifungia ndani ya begi la plastiki au ukienda sehemu ya pwani yenye unyevu hewa imeshiba maji, inabaki tu kitambaa kilicholowana. Nimewahi kuifungia kwenye sanduku siku nzima nikakuta dawa ina uvuguvugu na hati zangu zote zimeota unyevu.

Vifriji vya kuchaji kwa waya wa simu navyo vimekuwa vingi, vingine vizuri, ila angalia mambo mawili. La kwanza vingi vyake vinapooza kwa kulinganisha na joto la nje, yaani vinashusha digrii kadhaa chini ya hewa iliyopo, kwa hiyo chumba cha digrii 24 kinakupa 5 lakini gari la digrii 38 kinakupa 18 au zaidi. La pili ni betri. Betri za lithiamu za akiba hazipandi mzigo wa chini, zinakaa na wewe kabini, na mwisho bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Kama pawabenki yako imeandikwa mAh tu zidisha kwa 3.7 gawanya kwa 1,000, hivyo ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita.

Tukifika hotelini ndo tunafika kwenye kidonda changu. Lile friji dogo la soda chumbani, mengi hayana kompresa, ile mashine ya kupoozea inayounguruma. Yanapooza kimya kimya ili usisikie kelele usiku, na kwa sababu hiyo mengi yanaishia digrii 10, 12, mpaka 15, ya kutosha soda sio dawa. Mengine umeme wake unakatika ukichomoa ile kadi ya mlangoni, unaenda kazini asubuhi unarudi jioni friji limeshinda joto siku nzima na wewe ukiingia linaanza kuunguruma kama limekuwa macho muda wote. Na mengine ndo kama langu, yana kompresa kali na ukuta wa nyuma unaotengeneza barafu.

Kwa hiyo siku hizi nikifika, dawa haiingii frijini usiku wa kwanza. Inaingia glasi ya maji. Nina themomita ndogo ya dijitali yenye waya, ile inayokumbuka joto la juu kabisa na la chini kabisa, naweka ncha ya waya ndani ya glasi ya maji rafu ya katikati, nafunga mlango, nalala. Glasi ya maji kwa sababu hewa ya friji inaruka ruka kila ukifungua mlango, maji yanakaa kama dawa inavyokaa. Asubuhi nasoma. Ikiwa kati ya 3 na 7 usiku mzima, karibu dawa. Ikiwa imegusa 0 au 1 narudisha ile swichi nyuma, na kumbuka namba za kwenye swichi, 1 mpaka 5 au mpaka 7, sio digrii, kwenye mafriji mengi namba kubwa maana yake baridi kali zaidi, nimewaona watu wazima wameweka 5 wakidhani wameomba digrii 5. Usiku huo mmoja wa kupima hauigharimu dawa chochote ambacho bajeti haijalipa, isipokuwa kwa zile dawa kama teriparatidi, hizo muulize mwenye hoteli kabla hujafika.

Dawa ikiingia inakaa katikati, ndani ya kisanduku cha plastiki kilichotandikwa tishu, mbali na ukuta wa nyuma, mbali na kile kijumba cha barafu cha juu, na sio mlangoni pia maana mlango ndo unaopata joto kila mara. Chupa mbili tatu za maji pembeni zinasaidia, umeme ukikatika zinashikilia baridi.

Ukiambiwa chumbani hakuna friji ila mapokezi watakutunzia, sawa, lakini andika kwa lugha ya pale kwa herufi kubwa, FRIJINI, SIO FREZA, ubandike kwenye kisanduku pande zote. Mtu mwema wa jikoni akiambiwa hii ni dawa muhimu ikae kwenye baridi, anaipeleka kwenye baridi kubwa kuliko zote anayoijua. Mi yangu niliwahi kuikuta ipo ofisini kwa meneja, ndani ya freza, imefungwa vizuri kwa upendo na karatasi ya jikoni. Bahati ilikuwa imewekwa dakika kumi kabla.

Kwenye saiti za kazi na makambi sina mengi, kanuni ni zile zile. Gari tu nisisitize, gari lililofungwa likiegeshwa juani siku ya digrii 35 linaweza kupita 50 ndani ya saa moja, na juu ya dashibodi ndo kunakochemka zaidi. Hakuna bajeti ya karatasi yoyote inayofika huko. Dawa inashuka na wewe kila unaposhuka, hata kama unashuka dakika tano, dakika tano za kazini unazijua.

Makaratasi. Safari ndefu maana yake dawa nyingi, na kinachomshtua afisa wa forodha mara nyingi ni wingi wake, maboksi ya sindano ya miezi mitatu yanafanana na biashara. Beba barua ya daktari yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina halisi la dawa sio la biashara tu, dozi kwa siku na idadi unayobeba, na taja kwamba inahitaji friji na sindano zake. Dawa iwe kwenye maboksi yake. Afu uliza ubalozi wa unakokwenda kuhusu kiwango, nchi kadhaa zinaruhusu mwezi mmoja tu bila kibali. Japani kwa mfano dawa za cheti zinazozidi matumizi ya mwezi mmoja zinahitaji cheti cha uingizaji kinachoitwa Yunyu Kakunin-sho, na unakiomba kabla hujasafiri, sio ukiwa umesimama dirishani.

Kugawanya ndo kitu kilichoniokoa siku ile. Kwenye mkoba wa kazi nilikuwa na kalamu mbili, ile niliyokuwa naitumia na moja nzima, siku kama kumi na sita za kupumua. Sikuwa nimezitenga kwa akili, nilisahau tu kuziweka frijini na zingine. Sasa hivi natenga kwa makusudi, sehemu kubwa frijini, kidogo kwenye mkoba, na kama nimesafiri na mwenzangu ninayemwamini naye anakaa na mbili kwenye friji la chumba chake. Siku kumi na sita zilitosha kumuona daktari wa pale na kuandikiwa upya, na hapo ndo jina halisi la dawa linapofanya kazi, maana jina la kwenye boksi langu mfamasia hakulijua kabisa, nilipomwandikia glajini akacheka akageuka akaitoa.

Wanaotumia vichupa na bomba, angalieni nguvu ya insulini mnayouziwa. Insulini nyingi duniani sasa ni uniti 100 kwa mililita, lakini kuna nchi bado zinauza na ya uniti 40, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya 100 kwa bomba la 40 unajidunga mara mbili na nusu ya dozi yako, hiyo ni kwenda hospitali au kutokuamka. Ukinunua kichupa ugenini nunua na mabomba yake hapo hapo.

Na ikitokea dawa imepigwa? Ukiona imeganda au themomita inasema iligusa chini ya 0, isiingie mwilini, hata kama ndo ya mwisho, tafuta nyingine. Kama ni joto, andika ilifika digrii ngapi kwa muda gani, piga simu kwa mfamasia au namba ya mtengenezaji iliyo kwenye boksi uwape hizo namba mbili, wana majedwali ya mambo haya na mara nyingi jibu ni kwamba iko sawa ila punguza siku. Bila hizo namba watakwambia tupa, na wana haki. Kwa wa insulini pima sukari mara nyingi kuliko kawaida siku hizo, ikipanda bila sababu badilisha kalamu kabla hujabadilisha dozi.

Kimebaki kitu kimoja cha siku ya kuondoka, kimewakuta wengi ninaowajua. Umepanga friji vizuri miezi mitatu, umepima, umeandika, afu asubuhi ya ndege gari liko nje linapiga honi unafunga sanduku unakimbia, dawa yote imebaki frijini inapata digrii 5 safi kabisa. Usiku wa mwisho mimi naweka kiatu kimoja mle ndani, kwenye mfuko wa plastiki, rafu ya chini. Wahudumu wakikiona wanashangaa, ila sijawahi kufika kiwanjani na kiatu kimoja.